Kwa nini nchi inayolima kahawa inakosa dola za petroli

Muulize mtu yeyote wa Afrika Mashariki kwa nini Burundi ni maskini, atakujibu bila kufikiri: nchi ni ndogo, haina bahari, imepitia vita. Yote matatu ni kweli. Lakini Rwanda nayo ni ndogo, haina bahari na imepitia makubwa, na bado dereva wa Kigali hana habari ya kulala kwenye foleni ya mafuta. Dereva wa Bujumbura anayo. Kwa miaka kadhaa sasa mafuta yamekuwa yakija kwa matone. Kuna vipindi vituo vya jiji zima vimekauka, watu wakaenda kazini kwa miguu, na petroli ikauzwa kwa chupa na madumu yaliyovushwa kutoka Uvira ya Kongo au Kigoma ya Tanzania.

Nimeanza na foleni hiyo kwa sababu petroli yenyewe haijakosekana, si duniani wala bandarini Dar es Salaam. Kinachokosekana ni dola za kuilipia. Ukizifuatilia dola hizo hadi zilikopaswa kutoka, utafika kwenye shamba la kahawa la Kayanza au Ngozi, kaskazini mwa nchi, kwa mkulima ambaye ana kila sababu ya kutopanda mche mwingine. Kati ya mkulima huyo na kituo cha mafuta kuna fundo, nalo halijafungwa na milima wala na ukosefu wa bahari.

Shamba lisilogusa dola

Burundi ina kilomita za mraba 27,834, sehemu yake ikiwa ni maji ya Ziwa Tanganyika. Ukitoka ziwani, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, unakata bonde la Imbo lenye joto na mpunga, kisha barabara inaanza kupanda ukuta wa milima unaotenganisha maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo Nile. Huko kilele cha Heha kinapita mita 2,600. Ng'ambo yake ni vilima baada ya vilima mpaka uteremke Moso, upande wa mpaka wa Tanzania. Sensa ya 2024 ilihesabu zaidi ya watu milioni 12. Ukiondoa maji, ni zaidi ya watu 450 kwa kila kilomita ya mraba, na si watu wa mjini. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi wanaishi kwa jembe.

Hawakai kwenye vijiji vilivyokusanyika. Kila kaya iko kwenye kilima chake, ndani ya migomba yake, na shamba lake kwa kawaida halifiki nusu hekta. Liangalie kwa karibu. Migomba imeizunguka nyumba, kwa sababu ndiko majivu na samadi hutupwa. Chini ya migomba kuna maharage na magimbi. Ukishuka kidogo unakuta mihogo, viazi vitamu, na mahindi yaliyochanganywa na maharage tena. Pembeni iko kahawa, pengine miche 150 au 200, imetandazwa nyasi kavu shinani ili unyevu usikimbie. Bondeni kabisa kuna kipande cha tope kinacholimwa kiangazi. Mabwana shamba wanaiita misimu hiyo A, B na C: wa kwanza huanza na mvua za Septemba, wa pili Februari, na wa tatu ni huo wa mabondeni. Maana yake ni kwamba ardhi hailali hata mwezi mmoja. Baba akifariki, wanawe hugawana shamba, na wajukuu hugawana vipande vya vipande. Haishangazi kwamba mahakama za nchi hiyo zimejaa kesi za viwanja na mipaka.

Udongo wa milimani una asidi, na miteremko mikali hufanya kila mvua kubwa iondoke na tabaka la juu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ni watoto wa watu wanaolima mwaka mzima bila kupumzika. Katika takwimu zote za nchi hii, sioni iliyo nzito kuliko hiyo.

Sasa tazama nini kinatoka kwenye shamba hilo na kwenda wapi. Maharage, ndizi, mihogo na viazi vinaliwa nyumbani au vinauzwa soko la jirani kwa faranga za Burundi. Hakuna mfanyabiashara wa Dubai anayelipia magimbi. Kwa hiyo kilimo kinabeba karibu watu wote, lakini fedha za kigeni kinazileta kupitia ile miche 150 ya pembeni tu, na kupitia chai kwa wale walio karibu na mashamba yake.

Dola zinaingilia wapi

Kahawa haikufika kwenye vilima hivyo kwa mapenzi ya wakulima. Wabelgiji, walioichukua nchi kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliilazimisha miaka ya 1930: kila kaya ipande miche na kuitunza, na asiyefanya hivyo aadhibiwe. Tangu hapo kahawa ilikuwa zao la serikali, likiwa na kazi ya kuleta kodi na fedha za kigeni. Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 haukuibadilisha kazi hiyo. Kufikia miaka ya 1980 kahawa ilikuwa inaleta takriban asilimia 80 ya mapato yote ya mauzo ya nje. Taifa zima lilikuwa limeegemea mti mmoja.

Kisha mapigo yakafuatana. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya miaka kumi. Julai 1996 Pierre Buyoya alipochukua madaraka kwa mapinduzi, majirani, Tanzania ikiwemo, waliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Nchi isiyo na bahari ilifungiwa njia na wale wale wanaoipa njia. Katika nyakati nzuri za kabla ya vita, mavuno yalipita tani 30,000 kwa mwaka. Miaka ya karibuni mara nyingi hayafiki 20,000.

Inaniuma kwa sababu kahawa yenyewe ni nzuri mno. Ni Arabika ya aina ya Bourbon, inakomaa taratibu kwenye baridi ya juu, na wanunuzi wa Ulaya na Asia wanaifahamu vizuri. Ukienda kwenye kituo cha kuoshea kahawa wakati wa mavuno, kuanzia Machi au Aprili, utaona wanawake wakiteremka na vikapu kichwani tangu asubuhi. Kahawa mbivu humwagwa kwenye maji: iliyo nzito inazama, nyepesi inaelea na kuondolewa. Humenywa maganda siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala inachacha vibaya. Ikishamenywa inachachushwa, inaoshwa tena, kisha inaanikwa juu ya meza ndefu za wavu, ambako wanawake wengine huipitia punje kwa punje wakiondoa zilizotobolewa na wadudu. Kazi hiyo ya meza inachukua wiki mbili au zaidi. Kilo sita hadi saba za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi ya kusafirisha.

Chai ni ndugu mdogo, lakini mtulivu: inachumwa mwaka mzima na kuuzwa kwa sehemu kubwa kwenye mnada wa Mombasa, hivyo dola zake haziji kwa mkupuo mmoja. Dhahabu nayo imepanda juu. Kuna miaka imeipita kahawa kwa thamani kwenye vitabu vya forodha. Lakini sehemu kubwa huchimbwa na wachimbaji wadogo, na dhahabu ya bei ya gari inaingia mfukoni mwa koti. Inayopita forodhani ni ile ambayo mwenyewe ameamua ipite huko.

Kulikuwa na njia nyingine mbili ambazo watu huzisahau. Moja ni wanajeshi. Tangu mwisho wa 2007 Burundi ilipeleka maelfu ya askari Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na malipo yao yalikuja kwa fedha za kigeni kutoka kwa wafadhili, sehemu ikibaki hazina. Nchi maskini ya milimani iligeuza ulinzi wa Mogadishu kuwa mauzo ya nje. Kikosi kilipoundwa upya mwanzoni mwa 2025, Burundi haikuwemo tena.

Njia ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote, ni misaada. Kabla ya 2015 takriban nusu ya bajeti ya serikali ilitoka kwa wafadhili. Mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza aliwania muhula wa tatu, maandamano yakalipuka, Mei pakawa na jaribio la mapinduzi, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi, wengi wakija Tanzania. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, na haukuurudisha hadi Februari 2022. Miaka sita ni mingi. Matumizi ya nchi yalikuwa yamepimwa kwa fedha ambazo hazikuja tena, na mti wa kahawa, uliokuwa umedhoofika kwa miaka ishirini, haukuweza kuziba pengo hilo.

Faranga mbili zenye sura moja

Mpaka hapa ni habari ya bahati mbaya na historia. Kinachofuata ni habari ya uamuzi, na ndicho kiini cha makala hii.

Dola zikipungua, bei yake inatakiwa ipande kama bei ya kitu kingine chochote kilichoadimika. Benki kuu ya nchi, ambayo watu huiita BRB, haikuiacha ipande. Ilishikilia bei rasmi, ikapeleka dola chache ilizokuwa nazo kwa waagizaji ilioona wana umuhimu, na Februari 2020 ikayafunga maduka ya kubadilishia fedha, ikiyalaumu kwa kuuza kwa bei ya juu. Yaliruhusiwa kurudi mwaka 2022. Lakini biashara haikuwa imekwisha, ilikuwa imehamia mtaani. Kwa hiyo dola ikawa na bei mbili. Kufikia 2025, kwa bei ya serikali dola moja ilikuwa karibu faranga 3,000. Kwa bei ya mtaani ilikuwa imepita 7,000.

Watu wengi husikia habari hiyo na kudhani ni ugomvi kati ya benki na wabadilishaji wa vichochoroni. Tupige hesabu ya mfano tuone inamgusa nani.

Tuseme kilo moja ya kahawa safi imeuzwa nje kwa dola 5. Sheria inamtaka muuzaji azirudishe dola hizo kupitia mfumo wa benki. Zikigeuzwa kwa bei rasmi ni faranga 15,000. Kutoka hapo ilipwe gharama ya kituo cha kuoshea, ya kukoboa, ya lori hadi bandarini, riba ya mkopo wa msimu. Hata kama gharama hizo zote zingekuwa bure, mkulima aliyetoa kilo saba za kahawa mbivu angepata kama faranga 2,140 kwa kilo. Dola hizo hizo 5 zingegeuzwa kwa bei ya mtaani, zingekuwa faranga 35,000, yaani faranga 5,000 kwa kila kilo ya mkulima.

Mkulima huyo hanunui chumvi, sabuni, bati na vitenge kwa bei rasmi. Mwenye duka aliyeagiza sabuni alitafuta dola zake mtaani kwa 7,000, na bei ya sabuni inaeleza hivyo. Mkulima anauza kwa faranga ya 3,000 na kununua kwa faranga ya 7,000. Zaidi ya nusu ya thamani ya jasho lake inapotea katikati, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ametozwa. Mimi naiita kodi, kodi nzito kuliko zote za nchi ile, na inamwangukia mtu yule yule ambaye taifa linamtegemea alete dola.

Fedha inayopotea kwa mmoja haipotei duniani. Anayeruhusiwa kununua dola kwa 3,000 benki, akiwa na karatasi za kuagiza bidhaa, amepewa kitu ambacho mtaani kina thamani zaidi ya mara mbili. Akiagiza bidhaa na kuiuza kwa bei ya mtaani, amepata faida bila kuongeza lolote. Akiziuza dola zenyewe, amepata faida bila hata kuagiza. Mfumo wa aina hii huzaa ufisadi hata pale walioutunga walipokuwa na nia njema, kwa sababu saini moja ya kuidhinisha inakuwa na thamani kuliko mavuno ya kilima kizima.

Watu si wajinga, nao wanajibu. Mrundi aliyeko Ubelgiji au Kanada anamtumia mama yake fedha kwa mkono wa mtu, si kwa benki. Mchimba dhahabu anavuka mpaka usiku. Kahawa mbivu ya Kayanza na Ngozi inavushwa kwenda Rwanda, ambako bei imekuwa bora na malipo ya haraka, na viongozi wa mitaa wanawekwa kulinda njia za panya badala ya kujiuliza kwa nini zinatumika. Kila mmoja wao akikwepa, dola rasmi zinapungua zaidi, pengo linapanuka, na sababu ya kukwepa inakuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo fundo linapojikaza lenyewe.

Linavyorudi shambani

Dola zinazokosekana Bujumbura hazisumbui wenye magari peke yao. Lori lisilo na dizeli haliteremshi viazi mjini, kwa hiyo viazi vinaoza kilimani na kupanda bei sokoni siku hiyo hiyo. Brarudi, kiwanda cha bia na soda kilichoanza 1955 na ambacho ni miongoni mwa walipakodi wakubwa wa nchi, nacho kimepita kwenye vipindi vya kukosa dola za kuagiza malighafi. Bia ikiadimika, kodi ya serikali inaadimika. Dawa, vipuri vya mashine, karatasi za shule, vyote vina hadithi ile ile.

Lakini mbolea ndiyo inayonisikitisha zaidi. Serikali ina mpango wa ruzuku ambapo mkulima hulipa sehemu ya bei mapema na kungoja apelekewe. Mbolea yenye samadi na chokaa hutengenezwa ndani ya nchi, na huo ni uamuzi mzuri kwa udongo wenye asidi. Ila madini yanayochanganywa humo huagizwa, na uagizaji unataka dola, na usambazaji unataka dizeli. Mbolea ikichelewa wiki tatu kwenye msimu A, imechelewa mwaka mzima, maana mahindi hayangoji. Mkulima amelipa, mvua imeshanyesha, mfuko haujafika. Mwaka unaofuata atafikiri mara mbili kabla ya kutoa hela yake mapema.

Kahawa ina ucheleweshaji wake. Baada ya miaka ya kuuza vituo vya kuoshea kwa watu binafsi, wakiwemo wawekezaji wa kigeni, serikali ilirudi kulishika zao hili na kuanzisha shirika lake, ODECA, mwaka 2019. Bei ya kahawa mbivu hutangazwa na serikali mwanzoni mwa msimu. Nia ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya walanguzi, na naamini wengine walioitunga sera hiyo walimaanisha. Lakini mkulima amekuwa akisubiri malipo kwa miezi, na hapa hesabu ya faranga inamgeuka mara ya pili. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka 2023 na kuzidi kupanda baadaye. Fedha aliyoahidiwa Mei akiipokea Novemba imeshakuwa nyepesi. Maharage, kwa upande wake, hayahitaji tangazo la mtu yeyote. Yanaliwa leo, au yanauzwa leo kwa bei ya leo.

Kwa nini wasiiache faranga ishuke?

Hili swali huulizwa na kila mtu aliyefika hapa, na serikali imeshalijaribu nusunusu. Mei 2023 BRB iliishusha thamani faranga kutoka takriban 2,080 kwa dola hadi zaidi ya 2,800, na Julai Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa zaidi ya dola milioni 250. Kwa muda mfupi ilionekana kama bei mbili zitakutana. Hazikukutana. Ya mtaani ilikimbia mbele, na ndani ya mwaka mmoja na ushei pengo lilikuwa baya kuliko mwanzo.

Sababu si siri. Kushusha bei rasmi mara moja na kuishikilia hapo kunasaidia kama mambo mengine mawili yapo: dola za kutosha benki kuu za kumhudumia anayekuja, na serikali iliyoacha kujikopesha kutoka benki hiyo hiyo. Dola hazikuwepo. Na serikali, ikiwa na bajeti iliyopoteza wafadhili, iliendelea kuziba mapengo kwa kukopa ndani, na sehemu ya mkopo huo ni faranga mpya zinazoingia sokoni. Faranga nyingi zaidi zikikimbiza dola chache, bei ya mtaani haina pa kwenda ila juu. Juni 2023 likaongezwa jingine: noti za 5,000 na 10,000 zilibadilishwa, na wananchi wakapewa siku kumi tu kuzipeleka benki. Lengo lilikuwa kuzitoa fedha zilizofichwa majumbani. Mwanamke wa kilimani aliyetunza akiba yake ndani ya mtungi, mbali na benki, alijifunza siku zile kwamba faranga si mahali salama pa kuweka akiba. Mwenye uwezo alijifunza kuweka dola.

Wanaopinga kuiachia faranga wana hoja, na haifai kuipuuza. Bei ya petroli kituoni na ya dawa hospitalini imesimama juu ya dola ya 3,000. Ipeleke kwenye 7,000 kwa siku moja, na nauli ya basi na dawa ya malaria zitaruka siku hiyo hiyo, katika nchi ambayo familia nyingi hazina cha kupunguza. Serikali yoyote ingeogopa. Jibu langu ni kwamba bei hizo zimesharuka kwa watu wengi. Petroli ya bei rasmi ambayo haipo si nafuu. Anayeinunua ya magendo kwenye chupa ameshalipa bei ya mtaani, pamoja na faida ya mvushaji. Nafuu iliyobaki inawafikia wachache wanaopata ya kituoni, na gharama yake inalipwa na mkulima wa kahawa ambaye hana gari.

Kuzikutanisha bei hizo kungehitaji kwenda polepole na kwa uwazi, huku fedha ya ruzuku ikitolewa mahali panapoonekana, kwenye bajeti, kwa dawa na usafiri wa umma, badala ya kufichwa ndani ya bei ya dola. Kungehitaji pia wauzaji nje waachiwe sehemu kubwa ya dola zao. Na kungehitaji serikali kujinyima, jambo gumu kuliko yote.

Njia za nje, na nikeli

Hata faranga ikinyooka, barabara bado ni ndefu. Kontena la Bujumbura hushuka Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa lori, au kwa reli hadi Kigoma na kisha kwa meli ziwani. Mpaka na Rwanda umefungwa tangu Januari 2024, baada ya Burundi kuituhumu jirani yake kusaidia waasi, na masoko ya kaskazini yaliyokuwa yakiishi kwa mpaka huo yamepooza. Upande wa magharibi, vita vya mashariki ya Kongo vilisukuma makumi ya maelfu ya wakimbizi kuvuka mto Ruzizi wa mpakani mwaka 2025. Nchi imebaki inapumua zaidi kupitia Tanzania.

Ndiyo maana reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, ndani ya Burundi, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa 2025, ina uzito mkubwa. Musongati kuna nikeli iliyojulikana tangu miaka ya 1970 na haijatoka chini kwa sababu nikeli ni mizigo mizito, nayo haisafiri kwa lori hadi baharini ikabaki na faida. Treni ingebadili hesabu hiyo, na ingepunguza gharama ya kila mfuko wa mbolea na kila gunia la kahawa. Rais Évariste Ndayishimiye amesema nchi iwe imeinuka kiuchumi ifikapo 2040 na kuwa nchi iliyoendelea ifikapo 2060, na madini yana nafasi kubwa kwenye ahadi hiyo.

Natamani reli hiyo ikamilike haraka, na hofu yangu ni moja. Dola za nikeli zitaingia kupitia dirisha lile lile la benki. Zikiikuta dola yenye bei mbili, zitagawiwa kwa saini kama za kahawa zinavyogawiwa, isipokuwa zitakuwa nyingi zaidi na zitatoka kwenye shimo moja lenye mlinzi getini, si kwenye kaya laki kadhaa za vilimani. Serikali yenye dola za mgodi haina tena haja ya kumbembeleza mkulima. Burundi ilisimamisha kampuni za kigeni za madini Julai 2021 ikidai mgawo bora, na madai hayo yalikuwa na haki ndani yake. Lakini mgawo kati ya serikali na kampuni ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni bei ambayo dola hizo zitageuzwa faranga, na nani ataruhusiwa kuzinunua.

Wakati huo mti wa kahawa hausubiri mgodi. Miche mingi ya Kayanza na Ngozi ni mizee. Kuing'oa na kupanda mipya maana yake ni kukaa miaka mitatu au minne bila mavuno kwenye kipande hicho, ndani ya shamba lisilofika nusu hekta. Mkulima anayefanya uamuzi huo haangalii ruwaza ya 2040. Anaangalia bei iliyotangazwa, miezi aliyosubiri kulipwa mara ya mwisho, na bei ya maharage sokoni. Kwa hesabu za sasa, anapanda maharage, na sioni jinsi ya kumwambia kwamba amekosea.